Rangi haitoki, rangi imezidi, rangi inachanganya: kutatua hitilafu za staini za protini kwenye uvimbe na seli zilizozeeka

Nafanya kazi ya histolojia, yaani kuandaa tishu zitazamwe kwenye hadubini, hapa Moshi. Simu ninazopokea kutoka kwa wenzangu wa Arusha, Same na hapa hapa mjini huja na maswali yale yale: slaidi imetoka nyeupe, slaidi imetoka kahawia yote, tishu imeng'oka, hesabu zetu hazilingani, kiashiria kimoja kinasema hivi na kingine vile. Nimeyapanga hapa kwa dalili, sababu inayotokea sana ikitangulia, ili mtu aliyesimama kwenye sinki na slaidi mkononi ajue aanzie wapi.

Tunachozungumzia ni imunohistokemia. Kipande cha tishu chenye unene wa mikroni 3 au 4 kinapewa kingamwili inayotafuta protini moja tu, halafu kimeng'enya kilichofungwa kwenye kingamwili ya pili kinaigeuza kemikali iitwayo DAB kuwa kahawia pale protini ilipo. Hematoksilini inavipa bluu viini vilivyobaki. Kwa njia hiyo tunaona kama saratani ya titi ina vipokezi vya estrojeni (ER), kama seli zinagawanyika (Ki-67), au kama zimezeeka na kuacha kabisa kugawanyika (protini za p16 na p21 zikipanda, ya lamin B1 ikipungua).

Nilichojifunza kwa miaka yangu mezani ni kwamba hitilafu nyingi hazizaliwi maabara. Zinazaliwa kwenye kopo la formalini, saa chache baada ya upasuaji, na sisi tunakuja kuilaumu kingamwili wiki moja baadaye.

Kwanza kabisa: soma vidhibiti

Usiiguse slaidi ya mgonjwa kabla ya kusoma vidhibiti. Kidhibiti chanya ni tishu unayojua ina protini hiyo: tonsili kwa Ki-67, mlango wa kizazi kwa ER. Kidhibiti hasi ni tishu ya mgonjwa yule yule iliyopitia hatua zote isipokuwa kingamwili ya kwanza. Kuna na kidhibiti cha tatu ambacho watu hukisahau, kile kilichomo ndani ya tishu ya mgonjwa mwenyewe. Kwenye titi, vijifereji vya kawaida vilivyo pembeni ya uvimbe huwa na baadhi ya viini vinavyowaka kwa ER. Vijifereji hivyo vikiwa vyeupe kabisa, weupe wa uvimbe hauna maana yoyote.

Kidhibiti chanya na mgonjwa wote weupe: tafuta kosa kwenye vimiminika, hatua au joto. Kidhibiti kimewaka, mgonjwa mweupe: kosa huenda liko kwenye tishu, au hilo ndilo jibu lenyewe. Kidhibiti hasi nacho kimewaka: rangi inatoka mahali pengine, si kwenye kingamwili yako.

Dalili: slaidi zote nyeupe, kidhibiti chanya kikiwemo

Inayotokea sana ni hatua iliyorukwa au chupa iliyobadilishwa. Kingamwili ya kwanza ilitokana na sungura, ya pili inatambua ya panya tu, basi hapo hakuna kitu kitakachoshika. Soma lebo zote mbili kwa sauti, mwenzako akisikiliza. Angalia pia kama slaidi hazikugeuzwa, vimiminika vikamwagwa upande usio na tishu. Hata mtu mzoefu hulifanya hilo jioni akiwa amechoka.

Ya pili ni DAB. Ilichanganywa asubuhi ikatumika jioni, au tone la hidrojeni peroksaidi halikuingia. Kuna kipimo cha dakika moja: weka matone mawili ya DAB uliyochanganya sasa hivi kwenye kijichupa safi, ongeza tone moja la kimiminika chenye kimeng'enya. Kikigeuka kahawia papo hapo, DAB na kimeng'enya ni wazima, tafuta kosa kwingine. Kisipogeuka, umeshampata mkosaji bila kuharibu slaidi hata moja. Vaa glovu unapofanya hivi, kwani DAB inashukiwa kusababisha saratani, na mabaki yake yanakwenda kwenye chombo cha taka za kemikali, si kwenye sinki.

Ya tatu ni azidi ya sodiamu. Wengine huiweka kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya kuoshea ili isiote ukungu. Inazuia ukungu kweli, lakini inakiua na kimeng'enya cha peroksidesi. Bafa ya kuoshea isiwe na azidi.

Ya nne nitakaa nayo kidogo, maana inatuhusu sisi watu wa milimani. Formalini hufunga protini kwa viunganishi, na kingamwili haiwezi kuifikia sehemu yake mpaka viunganishi hivyo vilegezwe kwa joto. Ndiyo maana tunazipika slaidi kwenye bafa ya sitreti ya pH 6.0 au ya Tris-EDTA ya pH 9.0. Njia hii ya joto ilitangazwa mwaka 1991, na ndiyo iliyoyafungulia maabara maelfu ya bloku za nta, yaani tishu zilizohifadhiwa ndani ya nta, zilizokuwa zimekaa kimya makabatini. Maelekezo mengi yanasema nyuzi 95 hadi 98 za Selsiasi kwa dakika 20, na yameandikwa na watu ambao maji yao huchemka kwa nyuzi 100.

Sasa, maji hupungukiwa karibu nyuzi 1 ya kiwango cha kuchemka kwa kila mita 300 unazopanda. Moshi mjini, kwenye mita 800 na kitu, maji yanachemka karibu nyuzi 97. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, ni karibu nyuzi 95. Mtu wa Arusha anayepika slaidi kwenye stima ya wali anaona mvuke umetanda, anaamini joto limefika, kumbe bafa iliyo ndani ya chombo cha slaidi iko chini ya nyuzi 95 na haitapanda tena hata ukiacha jiko usiku kucha. ER na Ki-67 zinatoka hafifu, p53 (protini inayoilinda seli isigeuke saratani) inatoka kwa kubahatisha. Kingamwili mpya inaagizwa kwa pesa nyingi, inafika uwanja wa ndege wa KIA, nayo inatoka hafifu vile vile.

Chukua kipimajoto, kiingize ndani ya bafa yenyewe, si kwenye maji ya nje, usome. Ukiwa chini ya nyuzi 95 una njia mbili: ongeza muda hadi dakika 30 au 40 kisha ulinganishe kwa tonsili, au tumia sufuria ya presha, ambayo haijali uko Arusha au Tanga kwa kiasi kile, kwa kuwa presha ya ndani ndiyo inayopandisha joto. Kwenye sufuria ya presha, dakika 3 baada ya presha kujaa huwa zinatosha kuanzia. Baada ya hapo slaidi zipoe ndani ya bafa hiyo hiyo kwa dakika 20 hivi. Ukizitoa zikiwa za moto na kuzitia kwenye maji baridi, utarudi kwangu na dalili ya tishu kung'oka.

Simama hapa: sufuria ya presha yenye mpira uliopasuka, au inayovuja mvuke pembeni ya mfuniko, usiifunge kwa kitambaa wala usiongeze moto. Zima, iache ipoe yenyewe, mwite mhandisi wa vifaa tiba. Na usifungue mfuniko kabla presha haijaisha, hata kama daktari amesimama mlangoni akisubiri majibu.

Ya mwisho, na ndiyo inayolaumiwa kwanza na watu wote, ni kingamwili iliyokufa. Hutokea pale umeme ulipokatika mwishoni mwa wiki na friji ikapata joto, au chupa ikawekwa mlangoni mwa friji inapopata hewa ya nje kila mlango unapofunguliwa, au ikagandishwa na kuyeyushwa mara nyingi. Nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8. Zile za kugandisha zigawe kwenye vijichupa vidogo siku zinapofika, na usitumie jokofu linaloyeyusha barafu lenyewe, kwa sababu hupandisha na kushusha joto bila wewe kujua.

Dalili: kidhibiti kimewaka vizuri, tishu ya mgonjwa nyeupe au imewaka pembeni tu

Dalili hii ndiyo inayoninyima usingizi, kwa kuwa nyuma yake kuna mtu anayesubiri dawa.

Siku moja kijana tunayefanya naye kazi aliniita. "Dada, kingamwili ya ER imekufa. Mama huyu ametoka mweupe kabisa."

"Mlango wa kizazi je?"

"Umewaka, tena vizuri."

"Basi haijafa, mdogo wangu. Nionyeshe kopo lililomleta."

Kopo lilikuwa la plastiki, la mdomo mwembamba, lililowahi kubeba kitu cha kupaka mkate. Ndani kulikuwa na kipande cha titi kikubwa kama embe dodo, kimesokomezwa kizima, na formalini imefika nusu tu. Lilitoka hospitali ya wilaya, likasafiri kwa basi. Nilikikata katikati kwa kisu. Ukingo wa nje ulikuwa wa kijivu na mgumu kama jibini, unene wa nusu sentimita hivi. Katikati palikuwa pekundu, laini, pakiteleza chini ya kisu kama maini yaliyonunuliwa asubuhi hiyo. Bloku iliyopimwa ilikuwa imetoka katikati pale pale.

Tulichukua vipande vipya kutoka kwenye ukingo. Vijifereji vya kawaida vikawaka, na saratani ikawaka. Tofauti ya majibu hayo mawili ni tofauti ya mama yule kupewa au kunyimwa dawa ya homoni kama tamoksifeni, kidonge kinachomezwa nyumbani.

Basi sababu, kwa mpangilio wa ninavyozikuta:

1. Tishu haikuiva kwenye formalini. Formalini huingia taratibu, takribani milimita 1 kwa saa, na kadiri inavyozidi kwenda ndani ndivyo inavyopunguza mwendo. Sehemu isiyofikiwa huja kukaushwa na spiriti kwenye mashine, na protini zake hubadilika vibaya. Titi likatwe vipande vya milimita 5 kabla ya kutiwa, na formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu.

2. Tishu ilikaa nje muda mrefu. Kwa saratani ya titi, miongozo ya kimataifa inataka isizidi saa 1 kati ya kutolewa mwilini na kuingia kwenye formalini, kisha ikae humo saa 6 hadi 72. Kipande kilichoachwa kwenye sahani ya chumba cha upasuaji mpaka orodha ya wagonjwa iishe kinaanza kuoza, na Ki-67 hushuka mapema.

3. Formalini yenyewe mbaya. Asilimia 10 inayotakiwa ni sehemu 1 ya formaldehidi kali ya asilimia 37 hadi 40 na sehemu 9 za maji yaliyosafishwa, pamoja na chumvi za fosfati: kwa lita 1, gramu 4 za sodiamu fosfati yenye hidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye hidrojeni moja isiyo na maji. Wengi huchanganya na maji ya bomba na kuishia hapo. Bila bafa, asidi ya fomiki inajijenga na inakula protini.

4. Mfupa ulilainishwa kwa asidi kali. Tumia EDTA kama mgonjwa atahitaji viashiria hivi, ingawa inachukua siku nyingi zaidi.

5. Slaidi zilikatwa zamani. Kwa ER na HER2 (protini nyingine inayopimwa kwenye saratani ya titi), slaidi iliyokatwa zaidi ya wiki 6 zilizopita usiitumie. Rudi kwenye bloku, kata mpya.

Tishu iliyozidi saa 72 inaweza kusaidiwa kidogo kwa kuongeza muda wa kupika. Isiyoiva haisaidiki kwa kupika, itafute sehemu iliyoiva.

Simama hapa: kama kidhibiti cha ndani ni cheupe na bloku zote ni hivyo hivyo, usiandike "hasi". Mpigie mwanapatholojia, naye aandike kwamba kipimo hakisomeki na kuomba tishu nyingine. Jibu la ER huitwa chanya kuanzia asilimia 1 ya viini, kwa hiyo weupe wa uongo unaweza kuficha kitu kikubwa nyuma ya kitu kidogo.

Dalili: kahawia kila mahali

Kausho ndiyo ya kwanza. Angalia kama kahawia imekolea kwenye kingo za tishu na kufifia katikati: slaidi ilikauka. Kuanzia Januari hadi Februari hewa yetu ni kavu na feni zinazunguka. Weka kitambaa chenye maji ndani ya chombo cha slaidi, zungushia tishu mstari wa kalamu ya nta, usimwage kimiminika mpaka cha kufuata kiwe tayari mkononi.

Ya pili, kingamwili nzito mno. Fanya ngazi: 1:50, 1:100, 1:200, 1:400 kwenye tonsili ile ile siku ile ile, chagua ile ambapo viini vinavyostahili vimewaka na vilivyobaki ni vya bluu safi. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji ni mahali pa kuanzia.

Ya tatu, peroksidesi ya tishu yenyewe, hasa kwenye damu nyingi. Chembe nyekundu na neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zinawaka hata kwenye kidhibiti hasi. Hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa dakika 10 inazizima, ila chupa iliyokaa wazi dirishani haina nguvu tena. Ini na figo zina bayotini nyingi, vitamini ambayo baadhi ya mifumo ya kupaka rangi huishika, zikikusumbua hamia kwenye mfumo wa polima usiotumia bayotini.

Halafu kuna kahawia ambayo si ya DAB kabisa, na hapa ndipo wanaochunguza uzee wa seli wanapojikwaa. Seli zilizoishi muda mrefu, za moyo, ini na neva, hukusanya lipofusini, takataka ya njano-kahawia isiyomeng'enyeka. Mtu akitafuta p16 kwenye moyo wa mzee anaona chembe za kahawia kando ya kiini na kufurahi kwamba amepata seli zilizozeeka. Kweli zimezeeka, lakini alichokiona si p16. Kwenye ngozi ni melanini. Kwenye damu ya zamani ni chuma. Na formalini isiyo na bafa huacha unga mweusi-kahawia juu ya tishu.

Kipimo chake hakigharimu chochote: kata slaidi moja, usiipe kingamwili wala DAB, ipe hematoksilini tu, uitazame kwenye hadubini. Kahawia ikiwepo bado, ilikuwepo kabla yako. Rangi ya Sudan nyeusi B hushika lipofusini na kukuthibitishia. Kwa ngozi, ambayo hapa Moshi tunaipokea nyingi kwa kuwa kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kiko mji huu, badili DAB kwa rangi nyekundu kama AEC, au tumia rangi ya Giemsa badala ya hematoksilini, melanini igeuke kijani na DAB ibaki kahawia. AEC inayeyuka kwenye spiriti na zailini, kwa hiyo funika slaidi kwa gundi ya maji.

Simama hapa: vitabu vya zamani husema unga wa formalini uondolewe kwa asidi ya pikriki. Ukiifungua kabati ukakuta chupa ya asidi hiyo imekauka, na chembe za njano zimeganda mdomoni, usiifungue, usiitikise, usiisogeze. Ikikauka inaweza kulipuka. Funga mlango, mwite msimamizi wa usalama.

Dalili: tishu inang'oka au imekunjika

Hii ni fupi. Slaidi za kawaida badala ya zile zenye chaji, maji yaliyobaki chini ya kipande, kutokaushwa vya kutosha. Simamisha slaidi wima zichuruzike, kisha nyuzi 60 kwa saa 1. Usitie jelatini kwenye beseni la maji ukitumia slaidi zenye chaji, inaiua chaji. Titi lenye mafuta mengi ling'oke kidogo si ajabu, kata la pili. Maji yanayochemka kwa fujo nayo hung'oa, punguza moto.

Dalili: hematoksilini ina zambarau chafu, au bluu imeifunika kahawia

Bluu iliyozidi huficha ER hafifu. Punguza muda hadi sekunde 30 au dakika 1. Maji yanayotoka miteremko ya Meru yana bikaboneti nyingi, ndiyo maana hematoksilini hugeuka bluu haraka kwenye bomba la Arusha. Kwa kazi hiyo moja yanafaa. Kwa bafa usiyatumie hata siku uliyoishiwa, pH itahama na kila kitu kingine kitafuata.

Dalili: watu wawili, slaidi moja, Ki-67 mbili tofauti

Ki-67 ilipewa jina la mji wa Kiel, Ujerumani, na namba ya kishimo cha sahani ya maabara ilikopatikana kingamwili yake ya kwanza, mwaka 1983. Protini hii iko kwenye seli inayojiandaa kugawanyika au inayogawanyika, na haipo kwenye seli iliyotulia. Tofauti za hesabu nyingi zinatokana na mahali mtu alipoanzia kuhesabu. Mmoja alikwenda kwenye kona inayowaka zaidi, mwingine akachukua wastani. Kubalianeni kabla. Hesabuni seli zisizopungua 500, na viini vyenye kahawia hafifu navyo vinahesabiwa.

Kisha angalia kama mmoja wenu amehesabu limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Baadhi yake hugawanyika kwa kasi, nazo huwa zimejaa ndani ya uvimbe, ni viini vidogo vya duara. Nimewahi kuona asilimia 35 ikishuka hadi 12 kwa kuziondoa tu.

Kwa saratani ya titi ya mapema yenye ER, wataalamu wa kimataifa wanaoshughulikia Ki-67 wanaziamini kuongoza matibabu namba za asilimia 5 na chini, au 30 na juu. Katikati pale mikono ya watu inatofautiana mno. Mkipata 14 na 19 msigombane, andikeni namba na namna mlivyohesabu, mwanapatholojia aamue.

Dalili: bluu ya seli zilizozeeka imetokea kote, au haijatokea

Staini ya beta-galaktosidesi, kimeng'enya inachokionyesha kwa bluu, kwa pH 6.0 ilielezwa mwaka 1995 na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi kuonyesha seli zilizozeeka.

Haijatokea: karibu kila mara mtu ametumia bloku ya nta. Kimeng'enya hiki lazima kiwe hai, na nta na zailini zimeshakiua. Unahitaji tishu mbichi iliyogandishwa au seli za kwenye sahani, zilizopitishwa kwenye formaldehidi kwa dakika chache tu.

Imetokea kote: pima pH. Beta-galaktosidesi ya kawaida ya kila seli hufanya kazi vizuri kwenye pH 4 na kitu, kwa hiyo bafa ikishuka chini ya 6.0, hata seli changa zinageuka bluu. Watu huiweka sahani kwenye inkubeta ya kuoteshea seli, yenye gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi ile ndiyo inayoishusha pH. Weka kwenye inkubeta kavu ya nyuzi 37 isiyo na gesi, funga sahani isikauke. Seli zilizosongamana mpaka zikajaza sahani nazo huwa bluu bila kuzeeka.

Dalili: viashiria vinapingana, p16 imewaka kwenye seli iliyozeeka na kwenye saratani pia

Hapa vimiminika ni vizima, joto ni sawa, tishu imeiva. Kinachosumbua ni maana, na ndipo makosa makubwa hufanyika kwa slaidi nzuri.

p16 ni breki. Seli iliyochoka, yenye DNA iliyoumia, inapandisha p16, protini ya Rb inashika, mgawanyiko unasimama. Ndiyo maana tunaitumia kutafuta uzee. Lakini kwenye saratani ya mlango wa kizazi, protini E7 ya kirusi cha HPV imeshaiharibu Rb. Seli inakanyaga breki mpaka chini, p16 inajaa tele kwenye kiini na nje yake, na gari bado linateremka. Kahawia ile ile, maana mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi. Kilimanjaro ndiko chanjo ya HPV ilikoanza kwa majaribio nchini mwaka 2014, kabla ya kwenda nchi nzima mwaka 2018, lakini wanawake waliokuwa watu wazima kabla ya hapo bado tunazipokea tishu zao.

Kwa hiyo p16 isisimame peke yake. Kata slaidi ya pili ya Ki-67 kutoka mahali pale pale. p16 juu na Ki-67 hakuna, p21 juu, lamin B1 imepungua: seli imestaafu. p16 juu na Ki-67 juu katika seli zile zile: breki imekatika, tafuta HPV. p16 imepotea kabisa na Ki-67 iko juu: huenda uvimbe umeipoteza jeni yake, jambo la kawaida kwenye saratani nyingi. Kwa koo la mdomoni, p16 huitwa chanya ikiwa imewaka kwa nguvu kwenye asilimia 70 au zaidi ya seli za uvimbe.

p53 ina mtego wake. Tishu ya kawaida huwaka hapa na pale, viini vingine vikali, vingine hafifu. Jeni ikiharibika, ama karibu viini vyote vinawaka kwa nguvu, ama uvimbe wote unakuwa mweupe kabisa, na weupe huo ni jibu lisilo la kawaida. Utaujuaje kwamba si hitilafu? Tazama seli za tishu unganishi na limfosaiti za pembeni. Zikiwa na kahawia hafifu, staini ilifanya kazi na uvimbe ndio uliopoteza protini. Zikiwa nyeupe nazo, rudi kwenye dalili ya kwanza, chukua kipimajoto.

Simama hapa: mteknolojia haandiki kwamba uvimbe una HPV, wala kwamba p53 imebadilika. Mpelekee mwanapatholojia slaidi za p16, Ki-67, p53, vidhibiti vyote vitatu na slaidi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, pamoja na karatasi inayoonyesha saa tishu ilipotolewa na saa ilipoingia kwenye formalini. Kama saa hazikuandikwa, piga simu chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo, umwombe sista aliyekuwepo, kabla hajasahau. Na kwenye kila bloku kata slaidi mbili za ziada zisizo na rangi, ziandike tarehe, uzifunge mbali na mwanga.